Vita vya haki: sababu mbali, mwenendo mbali

Barazani, kuanzia Wete kule Pemba mpaka Jaws Corner mjini Unguja, ikitajwa Rwanda au wakitajwa Wanazi hatokosi mtu wa kusema "aa, vile vilikuwa vita vya haki", na mazungumzo yakaishia hapo. Vijana wameshashika kwamba jeshi likipigana na wauaji, basi kila linalofanya ni halali. Sivyo.

Kwa ufupi, vita vya haki ni vita ambavyo mtu muadilifu anaweza kuviingia asiwe dhalimu. Mauaji ya kimbari, kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Disemba 9, 1948, ni vitendo vya kukusudia kuangamiza, kwa jumla au kwa sehemu, watu wa taifa, kabila, rangi au dini fulani. Kuupiga vita utawala unaofanya hayo ni haki, nami sioni pa kusitasita. Mwaka 1994 dunia ilisitasita: Aprili, mauaji yameshapamba moto, Baraza la Usalama liliamua kupunguza askari wake Rwanda wabaki 270, na watu wapatao 800,000, wengi wao Watutsi, wakauliwa na wafuasi wa serikali ya Wahutu wenye siasa kali. Waliokuja kuyasimamisha ni RPF, waasi ambao wengi wao walikuwa Watutsi, kwa bunduki. Anayesema wangekaa wakazungumza tu, na awakumbuke waliouliwa ndani ya kanisa la Ntarama.

Linaloniuma ni jengine. Haki ya kuingia vitani mbali, haki ndani ya vita mbali. Hilo la kwanza wazee wetu wanalijua bila ya kulisomea. Novemba 1978 Mwalimu Nyerere, akitangaza kumpiga Idi Amin, alisema sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Wanafalsafa wameandika vitabu na vitabu juu ya hayo hayo: pawe na dhulma kubwa, lengo liwe kuiondoa wala si kupora nchi ya watu, na pawe na matumaini ya kushinda, maana kuwapeleka vijana wakafe bure nako ni dhulma. (Na tusisahau, sababu ya Mwalimu ilikuwa Amin kuivamia Kagera. Kuwaokoa Waganda hakukuwa hoja yake, ingawa Amin aliondoka.)

Lakini yote matatu yanajibu kwa nini tunapigana. Tunapigana vipi ni suala la kila siku ya vita, na linamhusu kila askari, wa upande wowote. Sisi huku hatuna udhuru wa kutolijua. Wasia wa Sayyidna Abubakar, khalifa wa kwanza, kwa jeshi lililokuwa likienda Sham (upande wa Syria) tumeusikia misikitini: msimuuwe mwanamke, wala mtoto, wala mzee, msikate mti wenye matunda, msichinje mnyama ila wa kula, na waliojitenga kwa ibada waacheni. Jeshi lile halikuwa na shaka na haki yake, na bado liliwekewa mipaka. Mpemba anayejua mkarafuu unavyongojewa miaka mpaka uchumwe ataelewa kwa nini mti ulitajwa pamoja na watu.

Tume ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa, iliyochunguza mwaka ule ule wa 1994, ilikuta kwamba na upande wa RPF ulifanya uhalifu mkubwa dhidi ya raia wa Kihutu, ingawa haikuona ushahidi wa nia ya kuwaangamiza Wahutu. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilishitaki watu 93, na wa RPF hakuwemo hata mmoja. Jeshi Jekundu la Urusi ya Kisovieti nalo liliwafungulia wafungwa wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, Januari 27, 1945. Miezi michache baadaye askari wake walikuwa wakibaka wanawake Berlin. Wanawake wale hawana deni la Auschwitz la kulipa.

Wapo wanaolipindua: kwa kuwa RPF nao waliua raia, basi vita vyao havikuwa na haki, pande zote sawa. Hili ni kosa baya zaidi, kwani linamkalisha aliyepanga kumaliza kabila zima pamoja na askari aliyevuka mpaka katika kumzuia.

Kwa hivyo, mzee wangu wa barazani, sema "walikuwa na haki ya kupigana". Hapo umesema kweli. Kisha kijana akiuliza walipiganaje, usimkatize.