Kipimo cha uwanja si faida ya kucheza nyumbani

Juzi tena nimemsikia jamaa akisema Colorado Rockies, timu ya besiboli ya Marekani, hupata mbio (yaani pointi) nyingi Coors Field, uwanja wao wa Denver, kwa sababu "kipimo cha uwanja kinawabeba." Kipimo hicho ni namba inayoonyesha uwanja unaongeza au kupunguza mbio kiasi gani. Hakiwabebi wao. Mgeni akishika gongo pale, mpira wake unaruka vilevile.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua wastani wa mbio za timu zote mbili katika mechi za nyumbani, gawa kwa wastani wa timu zote mbili katika mechi za ugenini, zidisha kwa 100. Ukipata 110, uwanja unaongeza mbio kwa asilimia 10. Timu ikiwa kali au mbovu, imo pande zote mbili za hesabu, kwa hiyo ubora wake unajifuta.

Kinachotupoteza ni hilo neno "nyumbani". Tuliozoea soka tukilisikia tunawaza mashabiki, refa na uchovu wa safari. Hayo yapo hata kwenye besiboli, ila yana kipimo chake. Hapa tunapima ukuta na hewa. Kutoka kituo hadi kituo anachokimbilia mpigaji ni mita 27.4 kila mahali, lakini ukuta wa nyuma kila mji umejijengea unavyotaka. Fenway Park ya Boston, ya mwaka 1912, ina ukuta wa kushoto wenye kimo cha mita 11, kama mita 94 tu kutoka kwa mpigaji. Mpira wa juu ambao kwingine ungedakwa, pale unagonga ukuta na mpigaji anafika kituo cha pili. Mpira mkali wa chini ambao kwingine ungevuka ukuta, nao unagonga ukuta huohuo. Uwanja mmoja, unatoa na kunyima.

Denver iko mita 1,600 juu ya bahari. Hewa nyepesi: mpira unakwenda mbali, na ule wa kupinda haupindi mrushaji anavyotaka. Wajenzi wakasogeza kuta nyuma. Matokeo yake wadakaji wana eneo pana mno, mipira inaanguka katikati yao. Tangu 2002 mipira inahifadhiwa kwenye chumba chenye unyevu, ikapunguza makali kidogo.

Halafu nusu ya mechi huchezwa ugenini. Mwaka 1997 Larry Walker wa Rockies alivusha mipira 49 nje ya ukuta, na 29 kati ya hiyo alivusha ugenini.

Kwa hiyo, ndugu yangu, sema tu Coors Field inawabeba wapigaji. Wa timu zote mbili.