Ukiwa na Majonzi, Usianze na Singeli

Swali ninaloulizwa sana hapa Mtwara, kwenye chumba cha ushauri na hata nikiwa sokoni, ni hili: "Nikizidiwa na mawazo nisikilize nyimbo gani?" Anayeuliza hutegemea nimtajie nyimbo za kuchangamsha. Mimi humwambia aanze na ya huzuni, naye hunitazama kama ninayemtania.

Mapigo ya moyo na pumzi huelekea kufuata kasi ya muziki. Ukienda mbio, vinapanda, ukipoa, vinateremka. Sasa mtu aliyefiwa, mwili umemlegea, hata kuitikia salamu ni kazi, unamfungulia singeli inayopita mapigo 200 kwa dakika. Kwake hiyo ni kelele, na pengine ataona unamkejeli. Miaka ya 1940 daktari wa akili wa Marekani, Ira Altshuler, alieleza kanuni ambayo wataalamu wa tiba ya muziki wanaitumia hadi leo: muziki uanze ukifanana na hali aliyonayo mtu, kisha ubadilike pole pole, naye ataufuata.

Kuna mama mmoja anayeuza samaki (nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike) aliyefiwa na mzazi wake. Tulipanga nyimbo zake kwenye simu tukiwa tumekaa pamoja. Ya kwanza kaswida ya taratibu, kwa sababu hiyo ndiyo iliyomtoa machozi. Zikafuata taarabu mbili za zamani, halafu dansi la wastani, na mwisho sindimba aliyoirekodi mwenyewe harusini, vigelegele na kelele za watoto zikiwemo. Nilitaka kuifuta hiyo ya mwisho maana sauti ilikuwa inakwaruza. Akakataa katakata, na alikuwa sahihi: muziki unaouchagua mwenyewe, wenye kumbukumbu zako, ndio unaokugusa.

Mwaka 2011 watafiti wa Montreal nchini Kanada, akiwemo Valorie Salimpoor na Robert Zatorre, walipima ubongo wa watu waliokuwa wakisikiliza muziki unaowasisimua mpaka vinyweleo vinasimama. Dopamini, kemikali inayohusika na raha na hamu, iliongezeka pale kilele kilipofika, lakini pia kabla yake, wakati msikilizaji anakisubiri. Aliyewahi kukaa kwenye ngoma ya unyago hashangai. Ngoma bado zinakanzwa motoni ngozi zikaze, mpigaji anajaribu kwa vidole viwili tu, na akina mama tayari mabega yanacheza.

Shida ni kwa anayerudia wimbo mmoja wa usaliti usiku kucha, spika za masikioni zimemganda. Vijana wa bodaboda nimewaona wengi wa namna hiyo. Kwa mtu mwenye tabia ya kutafuna mawazo, nyimbo za huzuni zinaweza kumzamisha zaidi. Wimbo ukiisha, jiulize: nimepata nafuu, au nimeifungua kesi upya? Kama umeifungua upya, nenda kwenye wimbo unaofuata. Na kama usingizi, hamu ya kula na hamu ya kazi vimepotea kwa wiki mbili au zaidi, hilo si suala la nyimbo tena, nenda hospitali. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2017 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za afya, yalionyesha kuwa tiba ya muziki ikiongezwa juu ya matibabu ya kawaida ya sonona (ugonjwa wa huzuni isiyoisha) huleta nafuu zaidi kwa muda mfupi kuliko matibabu hayo peke yake. Ikiongezwa, nasema. Na hiyo ni tiba yenye mtaalamu, si sabufa ya jirani.

Halafu wapo watu wenye afya njema kabisa, wanaofurahia chakula na fedha kama sisi, ila muziki hauwagusi hata kidogo. Watafiti wa Barcelona waliwaelezea mwaka 2014. Kama wewe ni mmoja wao, huna kasoro yoyote. Achana na orodha ya nyimbo, katembee ufukweni Shangani jua likipungua.