Je, Wajua Kwa Nini Unajiona Umeachwa Nyuma Ilhali Unasonga Mbele?

Kwenye Michezo ya Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, kamera zilinasa nyuso za wanariadha papo hapo walipojua wameshika nafasi gani. Watafiti watatu wa Marekani, Victoria Medvec, Scott Madey na Thomas Gilovich, waliwaonyesha wanafunzi wa chuo kikuu picha hizo za video, wakawaomba wakadirie furaha ya kila mwanariadha kwa alama 1 hadi 10. Ungedhani aliyeshika nafasi ya pili atamzidi wa tatu. Wapi! Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 1995, wenye medali ya fedha walipewa wastani wa 4.8, na wenye shaba 7.1.

Sababu ni upande ambao kila mmoja anautazama. Wa pili macho yake yako kwa wa kwanza: laiti ningeongeza mwendo kidogo tu! Wa tatu anamtazama wa nne, ambaye anarudi nyumbani mikono mitupu, na anashukuru. Yaani mtu anaweza kuwashinda karibu wanadamu wote wa duniani katika jambo fulani, na bado akasimama jukwaani amenuna.

Tabia hii si ya wanamichezo peke yao, wala haikuletwa na simu. Mwaka 1954, mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza kwamba binadamu ana hamu ya kujua uwezo wake umefikia wapi, na pale anapokosa kipimo cha wazi, huwatumia wenzake kuwa kipimo. Homa ina kipimajoto chake. Lakini utajuaje kama wewe ni mzazi mzuri, au kama umechelewa maishani? Unageuza shingo kutazama wengine. Tena huangalii yeyote tu, unawatafuta wanaofanana nawe. Ndiyo maana bilionea unayemsikia kwenye habari hakunyimi usingizi, ila mliyekaa naye dawati moja akinunua gari, usiku unakuwa mrefu.

Kwa hiyo mimi sina imani na ule ushauri wa "acha kujilinganisha na watu". Ni kama kumwambia mtu asisikie sauti. Akili inatafuta kipimo, na usipoipa kingine itarudi kwa jirani.

Sasa, anayejaribu kujiendeleza yuko kwenye hatari kubwa kuliko aliyetulia zake. Kwanza, mambo mengi tunayotaka kuyakuza hayana rula: kujiamini, nidhamu, uvumilivu. Pili, na hili watu wengi hawalioni, kila unapopanda hatua unabadilisha watu wa kujipima nao. Chukua mtu aliyekuwa hatoki nje kabisa, akaanza kukimbia. Mwezi wa kwanza anajisifu, maana waliomzunguka wote wamekaa. Baadaye anajiunga na kundi la wakimbiaji, anapakua programu inayoonyesha kasi ya kila mwanachama, na jina lake linatokea karibu na mkia wa orodha. Miguu yake ina nguvu kuliko wakati wowote, pumzi imefunguka, na ndiyo kwanza anaanza kujiita mzito. Hakurudi nyuma hata hatua moja, ila orodha ndiyo iliyobadilika.

Hata orodha yenyewe ina kasoro, na kasoro hiyo ni ya kihesabu. Mwaka 1991 mwanasosholojia Scott Feld alionyesha kwamba, kwa wastani, marafiki zako wana marafiki wengi kuliko wewe. Inasikika kama tusi, lakini hebu hesabu. Wachukue watu wanne. Mmoja anafahamiana na wenzake wote watatu, na hao watatu kila mmoja anamfahamu yeye tu. Kila mmoja wa hao watatu akitazama marafiki alionao, anamkuta mtu mwenye marafiki watatu, wakati yeye ana mmoja. Watatu kati ya wanne wanajiona wapweke, ingawa hakuna aliyewatenga. Ni kwamba mtu mwenye watu wengi, kwa sababu hiyo hiyo, anaonekana na wengi. Kwenye mitandao ya kijamii jambo hili linazidi, kwa kuwa mwenye wafuasi lukuki ndiye anayejitokeza kwenye simu ya kila mtu.

Juu ya hapo kuna kufichana. Utafiti wa Alexander Jordan na wenzake, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba wanafunzi hukadiria huzuni na mikasa ya wenzao kuwa midogo kuliko ilivyo kweli. Sababu haihitaji profesa: watu hucheka hadharani na kulia chumbani. Wahenga walishasema usione vyaelea, vimeundwa, na anayeunda kwa kawaida hakualiki kwenye karakana.

Je, basi tusitazame wenzetu kabisa? Hapana, kwa sababu kuna kumtazama mtu kunakokuinua. Mwaka 1997, Penelope Lockwood na Ziva Kunda waliwapa wanafunzi wa uhasibu habari za mwanafunzi wa uhasibu wa mwaka wa nne aliyefanya vizuri kupita kiasi. Wa mwaka wa kwanza walijiona bora baada ya kuisoma. Wa mwaka wa nne haikuwapandisha popote, kwani wao muda wa kuyafikia hayo ulikuwa umekwisha. Swali la kujiuliza unapomtazama mtu, basi, si kama amekuzidi. Jiulize kama njia aliyopita bado iko wazi kwako, na kama unaiona njia hiyo au unaona kilele tu. Anayekuonyesha mazoezi yake ya asubuhi, pamoja na siku alizoshindwa, ana faida kwako kuliko anayekuonyesha kikombe.

Halafu ipe akili kipimo kingine. Kumbukumbu ya maandishi inatosha: andika leo unaweza nini na nini kinakushinda, weka tarehe, ufunge. Ukirudi baada ya miezi kadhaa utajipima na mtu ambaye siri zake zote unazijua. Kichwani haiwezekani, kwa maana tukishazoea jambo tunasahau kwamba lilikuwa gumu.

Kuhusu simu, Melissa Hunt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwapunguzia wanafunzi matumizi ya Facebook, Instagram na Snapchat hadi dakika 10 kwa siku kwa kila mtandao, kwa wiki 3. Katika matokeo ya mwaka 2018, upweke na dalili za sonona vilipungua kwao kuliko kwa wenzao walioendelea kama kawaida. Hawakufuta akaunti, walipunguza dozi tu.

Lakini kuna hali ambazo ushauri huu hauzifikii. Huzuni ikikaa karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, hamu ya vitu ulivyovipenda ikaisha, usingizi na kula vikavurugika, hiyo inaweza kuwa sonona. Na mtu akianza kufikiria kujiua, asisubiri hizo wiki 2. Kumwambia mtu wa namna hiyo aweke simu pembeni ni kumpotezea muda. Mpelekeni kwa daktari au mshauri wa afya ya akili.