Elisabeth, Descartes na swali la nafsi na mwili: dhana potofu na ukweli

Dhana: Wanawake wa karne ya 17 hawakuwa na la kusema katika falsafa.

Walisema mengi, ila vyuo vikuu vya Ulaya viliwafungia milango, na hoja zao nyingi zikapitia kwenye barua. Barua huishia kabatini. Elisabeth wa Bohemia, binti mfalme aliyeishi uhamishoni Uholanzi, alikataa barua zake kwa René Descartes zichapishwe mwanafalsafa huyo alipofariki mwaka 1650. Zilichapishwa 1879. Za Descartes kwenda kwake zilikuwa zimetoka tangu 1657, kwa hiyo kwa zaidi ya miaka mia mbili watu walisoma majibu bila kuyaona maswali.

Dhana: Elisabeth alikuwa mwanafunzi aliyeomba afafanuliwe.

Hii ndiyo inayoniudhi zaidi. Mei 1643 Elisabeth alikuwa na miaka 24. Descartes alikuwa ameshadai kwamba nafsi hufikiri tu, haina urefu wala upana, na kwamba mwili ni kitu kinachochukua nafasi. Elisabeth akamuuliza: nafsi ya namna hiyo inausogezaje mwili? Kitu husogea kikisukumwa; kusukuma kunataka kugusana; na kisicho na umbo kitagusa kwa kipi? Anayeuliza hivyo ameielewa nadharia hadi mahali inapovuja.

Descartes alijibu kwa mfano wa uzito: tunadhani uzito hulivuta jiwe chini bila kuligusa, basi nafsi nayo ifikirie hivyo. Jibu la ajabu, maana uzito wa aina hiyo yeye mwenyewe aliukataa katika fizikia yake, na Elisabeth hakuliachia lipite. Mwezi Juni alimwandikia kwamba kwake ni rahisi zaidi kukubali kuwa nafsi ina maada kuliko kukubali kuwa kisicho na maada kinaweza kuusogeza mwili.

Dhana: Descartes alilimaliza swali kwa ile tezi ya ubongoni.

Descartes aliamini kwamba nafsi na mwili hukutana kwenye tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo. Lakini tezi inasema wapi, haisemi vipi. Kwenye barua alimshauri binti mfalme asitumie zaidi ya saa chache kwa mwaka kwa metafizikia, yaani kutafakari asili ya vitu kwa akili tupu. Muungano wa nafsi na mwili, alisema, tunaujua kwa hisi na kwa maisha ya kila siku. Elisabeth akajibu kwamba hisi zinamwonyesha kuwa nafsi husogeza mwili, lakini hazimfundishi namna inavyofanya.

Hata alipougua, mwaka 1645, hakuacha. Descartes aliona ugonjwa wake unatokana na huzuni, akamhimiza aitawale kwa akili. Elisabeth akakumbusha kwamba yako maradhi yanayomnyang'anya mtu uwezo wenyewe wa kufikiri. Sasa hiyo akili ya kujitibia utaitoa wapi?

Dhana: Wanawake wanafalsafa wa karne hiyo walikuwa na msimamo mmoja.

Hata kidogo. Margaret Cavendish wa Uingereza alisema maada yenyewe inafikiri na kujisogeza, hivyo hakuna pengo la kuzibwa. Anne Conway, aliyeteswa na maumivu ya kichwa kwa sehemu kubwa ya maisha yake, aliuliza kwa nini roho iumie mwili unapojeruhiwa ikiwa ni vitu viwili visivyofanana kabisa. Kwake roho na mwili ni asili moja, tofauti ni ya viwango. Kitabu chake kilitoka 1690 kwa Kilatini, miaka 11 baada ya kifo chake, bila jina lake.

Dhana: Mjadala ulikuwa wa Wazungu peke yao.

Mwaka 1734, huko Wittenberg, Ujerumani, Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa Axim katika Ghana ya leo, alitetea tasnifu iliyonukuu barua ya Descartes kwa Elisabeth ili kuipinga. Descartes aliandika humo kwamba nafsi, ikiungana na mwili, hutenda na kuathirika pamoja nao. Amo alikataa: nafsi haihisi chochote, kinachohisi ni mwili ulio hai.