Maonyesho makubwa ya kamera kwa mara ya kwanza: beba kadi mbili na kitochi

Mpiga picha wa Mbeya aliyezoea Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale anajua banda ni mahali pa kuuliza bei, kupatana na kuondoka na mzigo. Maonyesho makubwa ya kamera hayaendi hivyo. Photokina ya Cologne, Ujerumani, iliyoanza mwaka 1950, ilifanyika mara ya mwisho 2018. Kwa anayeanza leo mimi humshauri CP+ ya Yokohama, Japani, inayofanyika kila mwaka karibu na mwisho wa Februari kwenye ukumbi wa Pacifico Yokohama, Alhamisi hadi Jumapili. Pale sehemu kubwa ya mabanda ni ya kushika na kujaribu, si ya kuuza. Unachorudi nacho ni majibu, na majibu utayapata ukifika na majaribio yako mwenyewe. Picha kubwa zilizotundikwa bandani zimepigwa na mabingwa chini ya taa safi. Hazikuambii kamera hiyo itafanya nini kwenye ukumbi wa send-off kule Mwanjelwa, taa za rangi zikizunguka.

Nenda Alhamisi au Ijumaa. Wikendi foleni ya kushika kamera mpya inaweza kula saa nzima, na ukifika mbele unapewa dakika chache tu. Kwa hiyo jua mapema utafanya nini na dakika hizo.

Beba memori kadi mbili tupu, si zile za kazi, kwa sababu kamera ngeni inaweza kudai kuifomati kadi kabla ya kupiga. Hakikisha pia aina yake: baadhi ya bodi (kamera yenyewe bila lenzi) za kisasa zinatumia kadi za aina ya CFexpress na kadi ya SD haiingii kabisa. Omba ruhusa kabla ya kuweka kadi yako. Bodi ambayo bado haijaingia sokoni mara nyingi hairuhusiwi, na hapo usibishane na mhudumu. Ukiruhusiwa, weka RAW (faili ghafi la kamera) na JPEG (picha ya kawaida) pamoja. RAW ya kamera mpya huenda isifunguke kwenye programu uliyonayo nyumbani mpaka programu isasishwe. Na kabla ya kila jaribio piga picha ya kibao chenye jina la kamera na lenzi. Bila hivyo, jioni utakuwa na faili 400 usizojua mama wala baba yake.

Sasa kitochi. Tafuta kile cha LED chenye ngazi za mwanga; kwenye ngazi ya chini vingi huwaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho halioni. Kimulike kwenye karatasi nyeupe, weka kamera kwenye shata ya kielektroniki (ile isiyotumia pazia), spidi 1/4000 ya sekunde, kisha piga. Utaona mistari ya giza na mwanga imekatiza picha. Inatokea kwa sababu sensa nyingi (kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera) husoma picha mstari kwa mstari, na taa inazima na kuwaka wakati usomaji unaendelea. Chukua taa inayowaka mara 500 kwa sekunde: sensa inayosoma picha nzima kwa 1/25 ya sekunde itatoa mistari 20, inayosoma kwa 1/250 itatoa miwili. Huhitaji kujua kasi ya kitochi chako. Tumia kitochi kilekile kwa kamera zote, hesabu mistari, na yenye michache ndiyo inayosoma haraka. Hapo umepata jibu kuhusu taa za ukumbini, na kuhusu bwana harusi anayecheza kwa kasi huku mikono ikitoka imepinda. Kwangu mimi jaribio hili lina thamani kuliko hotuba zote za jukwaani.

Kwa lenzi, fungua tundu lake la mwanga lote, chagua maandishi madogo yaliyo mbali kidogo, yaweke kwenye kila pembe ya picha kwa zamu, ukifokasi upya kila mara. Pembe tatu zikiwa kali na moja ina ukungu, huenda kioo kimoja ndani kimeinama. Lakini usiihukumu aina nzima ya lenzi: ile ya bandani imeshikwa na mamia ya watu, pengine imeshaanguka.

Wenye studio wasipite mabanda ya printa za riboni, zile zinazochapa picha kwa joto. Usiulize bei ya printa kwanza, uliza bei ya picha moja. Riboni ina vipande vya njano, majenta, samawati na tabaka la kinga, na kila picha inamaliza seti nzima hata kama ni karibu nyeupe tupu. Uliza pia inavuta wati ngapi kichwa cha kuchapia kinapopata moto, ili ununue UPS inayotosha. Umeme ukikatika katikati, karatasi na kipande cha riboni vyote vimekwenda. Uliza kichwa kinasafishwaje, maana vumbi letu la Agosti huacha mstari mweupe picha nzima.

Umeme wa Japani ni volti 100 na plagi ni ya pini mbili bapa. Chaja iliyoandikwa 100–240V haina shida, unahitaji adapta tu. Betri za akiba zikae kwenye mkoba wa mkononi ndani ya ndege, kamwe si kwenye begi la kupakiwa.

Februari Yokohama ni baridi kama Makete mwezi wa Julai. Ukitoka nje kuingia ukumbi wenye joto, lenzi hutoa jasho, kama inavyotokea ukitoka Kitulo alfajiri na kuingia jikoni penye moto. Ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, iache humo dakika 30 baada ya kuingia. Usibadilishe lenzi kabla ya hapo, maana unyevu utatua kwenye sensa.

Ukishawishika kununua kwenye maduka ya mjini, washa kamera dukani na ufungue menyu ya lugha. Baadhi ya bodi zinazouzwa kwa soko la Japani zina Kijapani peke yake, na hakuna fundi wa Mbeya atakayekubadilishia. Kisha soma kadi ya warranty: ikiwa ni ya Japani tu, shata ikifa utailipia mwenyewe.