Python imekompailika, mbona ssl haipo?

Ukikompaili Python mwenyewe (yaani kuijenga kutoka msimbo wake) kwenye Debian au Ubuntu, maktaba zikikosekana make, amri ya kuijenga, haigomi. Inamaliza salama salimini, unaondoka umeridhika, halafu siku unaita pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, inakwambia moduli ya ssl, ya mawasiliano salama ya mtandao, haipo.

Onyo lilikuwepo. Pandisha terminali juu kidogo utakuta mstari huu: "The necessary bits to build these optional modules were not found", na chini yake majina kama _bz2, _ctypes, _ssl. Kwa maoni yangu hilo lingepaswa kuwa kosa la kusimamisha kazi, lakini ndivyo ilivyo.

Hapo wengi hubisha: "Mbona openssl ninayo?" Kweli unayo. Ila Debian huigawa maktaba moja katika vifurushi tofauti. Kwenye Debian 12, libssl3 ni ya programu zilizokwisha kukompailiwa. Kompaila inataka faili za heda (za .h, zinazoieleza maktaba kwa kompaila), kama openssl/ssl.h, na hizo zimo kwenye libssl-dev. Fedora wanakiita openssl-devel.

Shida ni kwamba jina la moduli halikwambii kila mara jina la kifurushi. Nani angebuni kwamba _ctypes inahitaji libffi-dev? Au kwamba zlib ni zlib1g-dev, yenye tarakimu 1 katikati? Usikisie. Kompaila ikilalamika kuhusu faili fulani ya .h, weka apt-file, zana inayotafuta faili fulani imo kwenye kifurushi gani, endesha apt-file update, kisha:

apt-file search openssl/ssl.h

Kwa Python nzima, njia ya mkato kwenye Debian 12 ni sudo apt build-dep python3.11, mradi umewasha mistari ya deb-src (ya vifurushi vya msimbo) kwenye vyanzo vya apt.

Ukishaweka vifurushi, rudia ./configure kabla ya make, maana configure ndiyo inayoamua moduli zipi zijengwe. Ikiendelea kukataa, fungua config.log utafute jina la maktaba. Sababu halisi imeandikwa humo.

Kuna kisa kingine: ukiipa configure chaguo la --enable-shared, Python inaweza kujengwa vizuri kisha ikagoma kuwaka, ikidai haioni libpython, maktaba yake yenyewe. Hapo hakuna cha kupakua. Endesha sudo ldconfig, ili mfumo uitambue maktaba mpya iliyoko /usr/local/lib.

Sakinisha kwa make altinstall, usiifunike python3 iliyopo. Kisha jaribu:

python3.12 -c "import ssl, sqlite3, ctypes, bz2, lzma"

Isiposema kitu, zote zimo.