Kombo ya mkanda na diski: ni deki gani hasa, na ya bei poa inachaguliwaje

Kwa wauzaji wa vyombo vya umeme vya mtumba, deki yoyote yenye mdomo wa mkanda upande mmoja na trei ya diski upande wa pili inaitwa kombo. Jina limeikaa, maana ni kwenye kuinunua ndipo mambo huenda kombo. Chini ya jina hilo moja kuna mashine mbili tofauti. Ya kwanza inacheza mkanda na inacheza diski, basi. Ya pili inacheza mkanda na inachoma diski: picha za kwenye mkanda zinahamia kwenye DVD tupu ndani ya boksi lile lile, bila kompyuta wala waya wa kuunganisha deki mbili. Mwenye mikanda ya harusi kabatini anaitaka hii ya pili. Kwa sura ni mapacha, na ile ya kwanza ndiyo imejaa sokoni.

Nilipokwenda kutafuta yangu, kijana wa duka alinionyesha moja nzuri, nyeusi, haina mkwaruzo. Nikamuuliza kama inarekodi. "Anti, inarekodi, si unaona REC hii hapa?" Kweli, kitufe kipo, kina nukta nyekundu. Hakunidanganya. Ila REC ile ilikuwa ya kurekodi kwenye mkanda, si kwenye diski! Kombo ya kucheza tu nayo ina REC, kwa sababu upande wake wa mkanda ni deki kamili ya zamani, iliyokuwa ikirekodi vipindi vya TV. Kwa hiyo usiulize "inarekodi?" Uliza inarekodi wapi, kisha tazama mwenyewe alama iliyo kwenye mlango wa diski. Ikiwa imeandikwa DVD VIDEO peke yake, hiyo ni ya kucheza. Inayochoma huwa na R au RW kwenye alama hiyo, na nyingi zina kitufe cha kunakili chenye mshale unaotoka VHS, yaani mikanda yetu hii, kwenda DVD, mara nyingi kikiwa kimeandikwa Dubbing au Copy.

Sasa kuna jambo ambalo wauzaji wanalipigia bei kichwa chini. Deki inayochoma diski vizuri lakini upande wa mkanda unakwaruza wanaiuza ghali, kwa kuwa "DVD ndiyo ya kisasa". Ile inayocheza mkanda safi lakini diski imekufa wanaitupa chini ya meza. Mimi ningeokota ya chini ya meza. Diski ina njia nyingine nyingi: upande wa kuchoma ukifa, unachomeka waya wa njano, mweupe na mwekundu nyuma ya deki, unapeleka picha kwenye rekoda nyingine ya DVD au kwenye kile kidude kidogo cha USB cha kuingizia video kwenye laptopu. Lakini mkanda hausomwi na kitu kingine isipokuwa deki ya mkanda, na deki za mkanda hazitengenezwi tena. JVC walitoa VHS ya kwanza Japani mwaka 1976, na Funai, kampuni ya mwisho iliyojulikana kuwa bado inazitengeneza, ilifunga kazi hiyo Julai 2016, ikilalamika kwamba vipuri vimekuwa adimu. Kila kombo utakayoiona leo imeshatumika au imekaa stoo miaka. Unapokuwa na hela kidogo, hela hiyo inunue upande wa mkanda kwanza.

Upande huo ukoje? Ndani ya deki kuna ngoma ndogo ya chuma inayong'aa, yenye hedi, yaani visomeo vya picha, ubavuni. Kwa mfumo wetu inazunguka mara 1,500 kwa dakika, huku mkanda ukipita polepole, sentimita mbili na ushee kwa sekunde. Hedi yenyewe ni ndogo kiasi kwamba punje moja ya ukungu inatosha kuiziba. Na sisi wa pwani ukungu tunaujua. Fungua kile kifuniko cha mbele cha kaseti, tazama kwenye dirisha pia: ukiona unga mweupe pembeni mwa utepe, usiutie kwenye deki yoyote, hata ya adui yako, mpaka usafishwe. Utaharibu deki, kisha deki itaambukiza mikanda mizima.

Ndiyo maana dukani huendi na mkanda wa harusi ya mama. Nenda na mkanda usiokuuma, sinema iliyochoka au mahubiri ya zamani, ila uwe unajua kabla kwamba unacheza vizuri. Utie, usikilize. Deki nzima inaumeza kwa pumzi moja, mlio mmoja laini wa mota. Mbovu inaumeza, inasita, inautema. Cheza dakika kumi, usikubali dakika moja. Peleka mbele kwa kasi, rudisha mpaka mwanzo, simamisha katikati, toa, kisha utazame utepe wenyewe: ukitoka umekunjika ukingoni, acha hiyo deki hapo hapo. Chenga zikiwa mstari mmoja unaopanda na kushuka, jaribu kwanza vitufe vya tracking, vya kulenga hedi kwenye mistari ya mkanda. Chenga zikijaa kioo kizima, pengine ni hedi chafu tu, na hapo ndipo pa kupunguziwa bei. Usimruhusu mtu asugue hedi kwa pamba za masikioni juu chini. Nyuzi zinanasa na hedi inavunjika. Fundi anayejua anatumia spiriti na kitambaa laini cha ngozi, anakishikilia hapo na kuizungusha ngoma kwa kidole. Sauti ikikatikakatika huku picha ni nzuri, tafuta kwenye menyu ubadilishe kutoka Hi-Fi kwenda sauti ya kawaida. Mikanda mingi ya harusi zetu inasikika safi zaidi hivyo.

Geuza deki nyuma kabla ya kutoa hela. Kibandiko kikisema 100V au 120V, hiyo imetoka Japani au Marekani, na ukiichomeka kwenye soketi yetu utasikia harufu kabla ya kuona picha. Transfoma ingeiokoa, lakini bado kuna tatizo jingine: nchi hizo zilitumia mfumo wa picha wa NTSC, wenye mistari 525, wakati Tanzania, Kenya, Uganda na Oman tulitumia PAL, mistari 625. Deki ya NTSC haitaonyesha mkanda wako wa Tanga wala ule wa binamu wa Maskati. Iliyotoka Uingereza ni rafiki kwa yote mawili, umeme na mfumo. Wa Kongo, Rwanda na Burundi wana mtihani wao: huko SECAM ilitumika, na mkanda wa SECAM kwenye deki ya PAL tupu hutoka mweusi na mweupe. Aliyeletewa mkanda na ndugu wa Marekani naye asihadaike na maandishi "NTSC playback". Hayo yanaahidi kuuona mkanda kwenye TV, hayaahidi kuuchoma kwenye diski. Ujaribu mbele ya muuzaji.

Kuhusu kudaka vituo vya TV, hilo sahau. Dar es Salaam analojia ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, hivyo antena ya kombo hizi nyingi haina cha kudaka. Ukitaka kurekodi kutoka kwenye king'amuzi, ni waya tu.

Kunakili kunakwenda kwa mwendo wa kuangalia. Mkanda wa saa tatu ni saa tatu, hakuna njia ya mkato, na ni bora uwepo nyumbani. DVD tupu ya kawaida ina GB 4.7, na deki inakuuliza uigawe vipi: XP ni saa moja, SP saa mbili, LP saa nne, na kuna zinazofika saa sita au nane. Mkanda wa E-180 uliojaa ni dakika 180, kwa hiyo kwenye SP hauenei. Mtu hushawishika kuchagua LP ili diski iwe moja. Kwenye hotuba ya mshenga utaona sawa, ila wakianza kucheza, bi harusi anageuka miraba miraba. Chukua diski mbili, SP. Ya bei poa pia huchagua diski: nyingine inakubali DVD-R tu, nyingine DVD+R tu, na ile alama ya kutoa na kujumlisha ndiyo tofauti yenyewe.

Ikikuandikia kwamba kunakili hakuruhusiwi, na mkanda ni wa sinema ya dukani, ni kinga iliyowekwa na wenye sinema. Lakini wakati mwingine inakataa hata mkanda wa nyumbani, kwa kuwa utepe umechoka na ishara yake inayumba hadi deki inadhani ni kinga. Rudisha nyuma kidogo, anza upya. Ikigoma tena, toa picha kwa waya.

Na hili wengi hulisahau: ukimaliza kurekodi diski bado haijafungwa. Mpaka uchague Finalize kwenye menyu na usubiri dakika zake, DVD-R hiyo inasomeka kwenye deki iliyoichoma peke yake. Mimi nilichoma diski nne za harusi ya shangazi jioni moja, nikafunga tatu, umeme ukakatika. Uliporudi, trei haikufunguka tena. Fundi aliitoa ile ya nne kwa bisibisi, na hakuna deki mtaani iliyoitambua. Kombo yangu tangu hapo haichomi. Upande wa mkanda bado mzima kabisa, nimeuunganisha na laptopu kwa zile waya tatu, na ile sehemu ya nne ya harusi nikairudia Jumapili iliyofuata, saa nzima, shangazi amekaa pembeni akitaja majina ya waliokwishafariki kila kamera ilipopita kwenye meza.